Kusoma mishono ya amoniti

Katika maduka ya mawe ya mapambo, kuanzia Antananarivo hadi miji ya Ulaya, huuzwa jiwe la mviringo lililojisokota kama pembe ya kondoo dume. Jiwe hilo ni kisukuku cha amoniti, mnyama wa baharini ambaye hayupo tena duniani. Likisuguliwa na kung'arishwa, uso wake huonyesha maumbo yanayofanana na majani madogo ya kangaga, yamepangwa safu kwa safu, kila moja likifuata lenzake.

Wanunuzi wengi huuliza, “Je, nani alichora majani haya?” Wauzaji nao hutoa majibu mbalimbali. Wengine husema ni mmea uliogeuka kuwa jiwe. Wengine husema ni kazi ya mikono ya fundi. Majibu yote mawili si sahihi. Umbo lile ni sehemu ya mwili wa jengo ambalo mnyama mwenyewe alilijenga, na mtu anayelielewa anaweza kulisoma kama mwalimu anavyosoma daftari la mwanafunzi.

Somo hili lina faida kwa watu wengi. Wachimbaji na mafundi wa Madagaska hupata sehemu ya riziki yao kutokana na mawe haya, na anayejua kueleza bidhaa yake huiuza kwa ukweli na kwa bei inayostahili. Walimu wanaweza kulitumia darasani. Na sisi tunaoishi karibu na pwani ya Afrika Mashariki tunayo mawe ya aina hii katika ardhi yetu, ingawa wengi wetu hatuyatambui.

Amoniti alikuwa mnyama gani?

Amoniti alikuwa wa jamii moja na pweza na ngisi, lakini yeye aliishi ndani ya gamba. Jamii yake ilianza kuonekana baharini zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Ilitoweka yapata miaka milioni 66 iliyopita, wakati uleule dinosaria wengi walipotoweka.

Gamba la konokono ni chumba kimoja kirefu kilichojisokota. Gamba la amoniti halikuwa hivyo. Lilikuwa na vyumba vingi. Mnyama mwenyewe aliishi katika chumba cha mwisho tu, kile kilicho karibu na mlango. Alipokua, alisogea mbele na kujenga kiambaza nyuma yake, yaani ukuta mwembamba wa kutenga chumba alichokiacha. Baada ya muda alisogea tena na kujenga kiambaza kingine.

Vyumba vya nyuma havikupotea bure. Mrija mwembamba ulipita katika vyumba vyote kufuata ukingo wa nje wa gamba. Kwa mrija huo mnyama aliondoa maji katika vyumba, na hewa ikachukua nafasi yake. Hivyo gamba likawa jepesi, na mnyama akaweza kuelea bila kuzama chini kwa uzito wake.

Hadi leo yupo mnyama mmoja mwenye nyumba ya namna hii. Anaitwa nautilasi, na huishi katika maji ya kina ya Bahari ya Pasifiki na upande wa mashariki wa Bahari ya Hindi. Magamba yake matupu huelea mbali sana, na mara nyingine hufika hadi pwani zetu. Anayepata gamba la nautilasi lililovunjika anaweza kuviona vyumba hivyo kwa macho yake.

Mshono ni nini?

Sasa tunafika kwenye kiini cha somo. Kila kiambaza kilishikamana na ukuta wa gamba kwa upande wa ndani. Mstari ambapo kiambaza na gamba hukutana unaitwa mshono. Maumbo ya majani tunayoyaona juu ya jiwe ni mishono hiyo.

Kama kiambaza kingekuwa bapa kama kifuniko cha sufuria, mshono wake ungekuwa mstari mnyoofu. Lakini kiambaza cha amoniti kilikuwa karibu bapa katikati tu. Kadiri kilivyokaribia ukuta, ndivyo kilivyojikunja zaidi, na kila kunjo likawa na makunjo madogo ndani yake. Kwa hiyo mstari wa kukutania ukawa na mapindo mengi, mfano wa pindo la nguo lililotiwa marinda.

Mambo mawili yafaa kukumbukwa. Kwanza, mshono ulikuwa upande wa ndani wa gamba. Amoniti alipokuwa hai, mtu aliyemtazama kutoka nje asingeona umbo lolote la majani. Pili, mishono ipo tu katika sehemu yenye vyumba. Chumba alichoishi mnyama hakikuwa na viambaza, hivyo hakina mishono. Ukifuata mzunguko wa jiwe kutoka katikati kwenda nje na kuona mishono inakoma, umefika kwenye mlango wa sebule yake.

Zoezi la kufanya katika kikundi

Zoezi hili halihitaji fedha nyingi, na hata watoto huelewa haraka.

1. Chukueni bilauri ya kioo na jani bichi la saladi ambalo ukingo wake umejikunja-kunja.
2. Katakateni jani hilo lipate ukubwa unaozidi kidogo mdomo wa bilauri. Acheni ukingo uliojikunja.
3. Lisukumeni jani taratibu hadi katikati ya bilauri, ukingo wake uguse kioo pande zote. Jani ni kiambaza, na kioo ni gamba.
4. Tazameni kutoka nje. Kwa kalamu ya wino mzito, fuateni juu ya kioo mstari ambapo jani linagusa.
5. Toeni jani. Mstari uliobaki juu ya kioo ni mshono.

Ulizeni kikundi: Je, katikati ya jani pamejikunja sawasawa na ukingoni? Jibu la swali hili litatusaidia tutakapozungumzia kazi ya fundi.

Mishono haifanani

Wataalamu hugawanya mishono ya jamii hii katika aina tatu kubwa.

• Mishono yenye pembe chache, kama meno makubwa ya msumeno. Hii ni ya zamani zaidi. Huonekana katika visukuku vyeusi vinavyong'arishwa katika mji wa Erfoud nchini Morocco, ambavyo vina umri wa zaidi ya miaka milioni 350.

• Mishono yenye mawimbi laini upande mmoja na meno madogo upande wa pili. Hii ilienea sana katika kipindi cha Triasiki, kati ya miaka milioni 252 na milioni 201 iliyopita.

• Mishono yenye matawi kila upande, kama majani ya kangaga. Hii ni ya amoniti wa kipindi cha Jurasiki na cha Kretasia. Mawe mengi ya Madagaska ni ya aina hii.

Nautilasi wa leo ana mshono wa mkunjo mpole tu, usio na matawi.

Kwa nini kingo za viambaza zilijikunja hivyo? Mwaka 1836 William Buckland, mwanajiolojia na kasisi wa Uingereza, aliandika kwamba makunjo yaliimarisha gamba ili lisipondwe na uzito wa maji, kama vile bati lenye mikunjo lilivyo imara kuliko bati bapa. Maelezo hayo bado yana watetezi. Wataalamu wengine wanaona kwamba makunjo yalisaidia mwili wa mnyama kujishikiza, au kushika maji ndani ya vyumba. Mjadala huo unaendelea.

Umbo la mshono hutofautiana kati ya aina moja ya amoniti na nyingine, na hivyo husaidia kuzitambua. Tena, aina hizi zilibadilika haraka na kuenea katika bahari nyingi. Ndiyo sababu tangu karne ya 19 wanajiolojia wametumia amoniti kujua umri wa matabaka ya mawe. Anayeutambua mshono hupata pia habari ya mlima au bonde ulimotoka.

Fundi aamue wapi asimame

Amoniti wengi wanaouzwa wakiwa wameng'arishwa hutoka kaskazini-magharibi mwa Madagaska, katika eneo la Mahajanga. Wanaojulikana sana wanaitwa Cleoniceras, nao wana umri wa miaka milioni 110 hivi. Baada ya kufa walizikwa katika matope chini ya bahari. Maji yenye madini yalipenya ndani ya vyumba na kuacha humo fuwele za kalisiti, nyeupe, za rangi ya asali au za kahawia. Vyumba vingine havikujaa, na ndani yake mna pango dogo lenye fuwele zinazometa.

Jiwe likitoka shimoni huwa limefunikwa na mchanga na udongo mgumu. Fundi hulisafisha, kisha hulisaga kwa jiwe la kunolea linalozunguka, akilimwagia maji. Baadaye hutumia msasa wa kukwaruza, kisha msasa laini, na mwisho unga wa kung'arishia. Katika kazi hii kuna hatua tatu ambazo fundi mwenye maarifa huzitambua.

Hatua ya kwanza ni gamba lenyewe. Ndani ya gamba kuna tabaka la lulu, kama lile linalometa ndani ya kombe la chaza. Tabaka hilo ni vipande vyembamba sana vya madini yaitwayo aragoniti, vilivyopangwa kama matofali. Mwanga ukipita kati ya matabaka hayo hurudi ukiwa na rangi nyekundu na kijani. Hakuna rangi iliyopakwa. Katika mawe mengi aragoniti imegeuka kuwa kalisiti na mng'ao umepotea, kwa hiyo jiwe lililohifadhi rangi zake lina thamani ya pekee. Fundi anayetaka rangi husimama hapa.

Hatua ya pili ni mishono. Fundi akiendelea kusaga mpaka gamba liishe, mishono hutokea ikiwa na matawi yake yote. Hapa hupata majani, lakini hupoteza rangi za lulu. Mara nyingi hawezi kupata vyote viwili mahali pamoja, isipokuwa aache sehemu moja ya gamba na kuondoa nyingine.

Hatua ya tatu ni hasara. Kumbukeni jani la saladi: ukingoni lina makunjo mengi, katikati ni bapa. Fundi akisaga kupita uso wa ndani wa gamba, anaingia katikati ya viambaza ambako makunjo ni machache. Matawi madogo hutoweka kwanza, kisha meno makubwa, na mwisho hubaki mistari ya mawimbi tu. Kilichosagwa hakirudi. Dakika chache za haraka zinaweza kuharibu jiwe ambalo mchimbaji alilitafuta kwa siku nyingi.

Kwa sababu hii mafundi wafundishwe kusimama mara kwa mara, kulowesha jiwe, na kulitazama kwa kioo cha kukuzia. Tawi la mwisho la jani likianza kuonekana wazi, ni wakati wa kuacha kusaga na kuanza kung'arisha.

Jiwe lililokatwa nusu

Mawe mengine hukatwa katikati kwa msumeno, na kila nusu kung'arishwa. Hapa hatuoni majani. Tunaona vyumba vyenyewe, vidogo katikati na vikubwa kuelekea nje, vikitengwa na viambaza vilivyopinda kidogo. Mnunuzi asidhani kwamba jiwe la majani na jiwe la vyumba ni wanyama wawili tofauti. Wanaweza kuwa aina moja, wametazamwa kwa njia mbili.

Mara nyingi mishono au viambaza vya mwisho husongamana karibu na chumba cha kuishi. Hiyo ni dalili kwamba mnyama alikuwa amefikia utu uzima, na ukuaji wake ulikuwa umepungua. Kwa hiyo hata habari za maisha ya amoniti mmoja zimeandikwa ndani ya jiwe.

Maumbo yanayochanganya

Si kila umbo la majani katika jiwe ni mshono. Angalieni haya mawili:

• Miti midogo myeusi juu ya mawe bapa. Wengi huidhani kuwa mmea wa kale. Kwa kweli ni madini, hasa ya manganizi, yaliyopenya katika ufa wa jiwe na kutawanyika kama matawi. Hayana safu zinazojirudia, wala hayafuati mzunguko wowote.

• Mistari ya njano inayogawa jiwe la duara kama ufa wa udongo uliokauka. Mawe haya pia hutoka Madagaska. Ni donge la matope lililopasuka, na nyufa zake zikajazwa kalisiti. Si gamba la mnyama.

Mshono wa kweli una alama zake. Hujirudia umbo lilelile, ukiongezeka ukubwa kidogo kidogo kuelekea nje. Upande wa kulia wa jiwe hulingana na wa kushoto, kama uso wa mtu na kivuli chake katika kioo. Na mstari huo hauko juu tu kama mchoro, kwa maana ni ukingo wa ukuta unaoingia ndani ya jiwe. Mahali palipovunjika, ukuta huo huonekana ukiendelea.

Wapo wauzaji wanaochonga mistari ya uongo, au kuunganisha vipande vya mawe mbalimbali kwa gundi na unga wa mawe. Kuziba ufa si kosa, mradi mnunuzi aambiwe. Vilevile jiwe lenye rangi za lulu huitwa na baadhi ya wauzaji “opali”. Si opali. Mnunuzi akigundua baadaye, hataamini tena neno la muuzaji, wala la wenzake wa soko lile.

Watu walivyoyaeleza mawe haya

Si ajabu kwamba watu walitafuta maelezo. Jina amoniti lenyewe latokana na Amuni, mungu wa Misri ya kale aliyechorwa akiwa na pembe za kondoo. Katika mji wa Whitby nchini Uingereza ilisimuliwa kwamba mawe haya yalikuwa nyoka waliogeuzwa mawe na Mtakatifu Hilda, na mafundi wa huko walichonga vichwa vya nyoka juu yake ili kuyauza. Nchini Nepal, mawe ya amoniti ya mto Gandaki yana heshima kubwa ya ibada kwa Wahindu hadi leo. Tunaweza kuheshimu imani na masimulizi ya watu, na wakati huohuo kufundisha jinsi mishono ilivyotokea.

Afya ya fundi

Vumbi la kusaga mawe ni adui asiyeonekana. Amoniti mwenyewe ni wa jamii ya chokaa, lakini mchanga uliomshika una silika, ambayo ikivutwa kwa muda mrefu huharibu mapafu, na madhara yake hayaponi. Basi:

• Sageni kwa maji daima, kamwe msisage jiwe kavu.
• Vaeni barakoa inayozuia vumbi laini, pamoja na miwani ya kinga. Kitambaa cha kawaida hakitoshi.
• Fanyeni kazi mahali penye upepo, mbali na jiko na watoto.
• Wekeni nyaya za umeme juu, mbali na maji.
• Fueni nguo za kazi peke yake.

Mawe ya pwani yetu na sheria

Magharibi mwa Mombasa kuna mawe ya matope ya kipindi cha Jurasiki ambamo amoniti hupatikana. Kule Tendaguru, mkoani Lindi, ambako mifupa mikubwa ya dinosaria ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, kuna pia matabaka yenye visukuku vya viumbe wa baharini, wakiwemo amoniti. Bahari ilipanda na kushuka juu ya nchi hiyo zamani za kale.

Je, mwanakijiji akiokota jiwe kama hilo anaweza kuliuza? Asifanye haraka. Nchini Kenya, Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inahesabu mabaki ya wanyama na mimea ya tangu kabla ya 1895 kuwa mambo ya kale, na hayaruhusiwi kutolewa nje ya nchi bila kibali. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Ni vema kuuliza kwanza katika makumbusho au ofisi ya mambo ya kale.

Anayeona kisukuku afanye mambo matatu: aandike mahali na tarehe, apige picha jiwe likiwa bado mahali pake, na atoe taarifa. Jiwe lisilojulikana lilikotoka bado laweza kuwa pambo zuri, lakini halina tena mengi ya kumfundisha mtaalamu. Kijiji kinachotunza habari zake hubaki na kitu cha kuwaonyesha wanafunzi na wageni mwaka baada ya mwaka, wakati jiwe lililouzwa huleta fedha mara moja tu.

Maswali ya kujadiliana

1. Eleza kwa maneno yako mwenyewe tofauti kati ya kiambaza na mshono.

2. Kwa nini mishono haionekani katika chumba alichoishi mnyama?

3. Fundi ana jiwe lenye rangi za lulu upande mmoja tu. Mngemshauri asage wapi, na asimame wapi?

4. Mteja anasema, “Nataka hili jiwe lenye jani la kale.” Muuzaji akimweleza ukweli, je, atapoteza mteja au atampata? Kwa nini?

5. Bei ya jiwe shimoni ni ndogo sana kuliko bei yake dukani ng'ambo. Ni maarifa gani, katika haya tuliyojifunza, ambayo mchimbaji anaweza kuyatumia ili apate sehemu iliyo bora zaidi?

6. Je, kuna mawe yenye maumbo ya ajabu katika eneo lenu? Wazee huyaelezaje? Ni nani katika wilaya yenu anayeweza kuwasaidia kuyatambua?